Nani Atampima Fundi Skola?

Mtambo ulimkatalia mara tatu.

Mara ya kwanza Skolastika Ndunguru alidhani kiganja chake kina jasho. Akakifuta kwenye aproni, akakibandika tena juu ya kioo. Mara ya pili akadhani kioo kina vumbi, akakipangusa kwa kiwiko. Mara ya tatu akasimama tu, akaisikiliza ile sauti ya upole iliyorekodiwa na watu wasiomjua.

"Samahani. Mkono huu hauna ithibati. Tafadhali mwite fundi mwenye ithibati."

"Fundi gani?" Skolastika akauliza, ingawa alijua kuwa mtambo haujibu maswali. "Mimi ndiye niliyekufundisha kuhema."

Alikuwa anasema kweli. Programu iliyouendesha mtambo ule wa oksijeni iliitwa Pumzi. Skolastika na wenzake wawili walianza kuiandika miaka thelathini na miwili nyuma, katika karakana ya kutengeneza friji pale Mbinga, wakati hospitali za kusini zilipokuwa zikisubiri mitungi ya oksijeni iliyokuja kwa lori siku ilipopenda. Walipoimaliza hawakuifungia. Waliuweka msimbo wake wazi, mstari kwa mstari, ausome anayetaka, autumie anayetaka, na anayeona kosa alirekebishe. Sasa hospitali mia nne na kumi katika nchi nne zilihema kwa programu hiyo, na wale wenzake wawili walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Ila Sheria ya Mkono ilikuwa imepita miaka saba iliyopita. Haikupita bure. Mtu mmoja asiyejua lolote aliuchezea mtambo mmoja ili utumie umeme kidogo, na wagonjwa sita wakafa katika siku moja. Tangu hapo hakuna mtambo unaogusa uhai wa mtu uliokubali msimbo mpya bila kiganja cha fundi mwenye ithibati. Na ithibati ilitolewa na mlango mmoja tu, kampuni iliyoitwa Thabiti. Maswali ya mtihani wake yalikuwa siri. Majibu yake pia yalikuwa siri. Skolastika aliufanya mwaka ule wa kwanza, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, akaletewa neno moja: Hapana. Hakuambiwa alikosea wapi.

Asubuhi hiyo ya Februari, mvua ikiwa imenyesha Songea siku ya tisa mfululizo, alikuwa ameingia katika chumba cha mtambo kama msafishaji wa vichujio, kazi ambayo sheria ilimruhusu. Akasikia kitu. Mtambo ule una matangi mawili yaliyojaa chembe za madini zinazoinasa naitrojeni na kuiachia oksijeni ipite. Tangi moja likivuta hewa, jingine linapumua nje na kujisafisha, kisha vali zinageuka na kazi inabadilishana. Skolastika aliijua sauti ya kupokezana huko kama anavyojua hatua za dada yake sebuleni. Leo ile pumzi ya kutoka ilikuwa fupi. Ilikatwa kabla ya kwisha.

Akasoma msimbo kwenye kompyuta yake. Siku kumi na tisa zilizopita, mwenye ithibati mmoja wa Thabiti alikuwa amepunguza muda wa kugeuza vali. Hesabu yake ilikuwa safi kabisa kwa nchi yenye hewa kavu. Kwa hewa ya mvua kama hii, chembe zililowa, hazikupata muda wa kukauka, na oksijeni iliyotakiwa kuwa asilimia tisini na tatu ilikuwa imeshuka taratibu hadi themanini na moja. Kengele haikulia, kwa kuwa kengele ilipima wastani wa mwezi mzima.

Skolastika akaandika mistari kumi na mmoja. Ilimchukua dakika chache tu. Halafu akabandika kiganja, na mtambo ukamkatalia.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Alikuwa Sista Perpetua Komba, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti, kofia imemkaa upande.

"Mama Ndunguru, nini kinaendelea huku? Watoto wangu wawili, oksijeni ya damu imeshuka hadi themanini na nne. Nimeongeza hewa, hawapandi. Na wa tatu ameanza."

"Una mitungi mingapi?"

"Saba. Inatufikisha saa nane mchana, basi."

Skolastika alikuwa amekwisha kuwaandikia Thabiti. Jibu lao lilikuwa bado linang'aa kwenye simu yake: ombi limepokelewa, litashughulikiwa ndani ya siku kumi na nne za kazi. Akamwonyesha Perpetua. Perpetua akalisoma, akamrudishia simu. Kutoka upande wa wodi ilisikika sauti ya mama mmoja akimwimbia mwanawe kwa Kingoni, polepole, kama anayeogopa kuacha.

Skolastika akaingiza mkono ndani ya aproni, akafumua uzi wa mfuko wa ndani kwa ukucha. Akatoa kipande cha chuma chenye ukubwa wa kifungo cha koti.

"Hicho ni nini?" Perpetua akauliza.

"Ni kosa la jinai, Sista," Skolastika akajibu. "Ukitaka kutoka nje usione, toka sasa."

Ulikuwa Ufunguo wa Asili. Waanzilishi watatu wa Pumzi waliutengeneza kabla ya kuwapo sheria yoyote, na kila mtambo duniani unaoendeshwa na Pumzi ulizaliwa ukiutii. Watu walidhani ulipotea. Chochote kilichotiwa saini kwa ufunguo huo kilipokelewa na mitambo yote mia nne na kumi, mara moja, bila kuhoji mkono wa mtu.

Perpetua aliutazama ule mlango. Kisha akaufunga kwa ndani, akaegemea.

"Mimi niko hapa," alisema. "Na kwenye maelezo ya polisi jina langu uliandike vizuri."

Skolastika akakibonyeza kile chuma kwenye tundu lake. Vali zikanyamaza kwa sekunde mbili, zikageuka. Pumzi ya kutoka ikasikika ndefu, kamili, ikiisha yenyewe. Oksijeni ikapanda. Themanini na tatu. Themanini na saba. Baada ya dakika arobaini na tano ilikuwa tisini na moja, na wodini mtoto wa kwanza alikuwa ameacha kuwa wa kijivu, akalia. Mama wa wodini wakapiga vigelegele. Perpetua, aliyekuwa amekwisha kurudi huko na ambaye kwa kawaida hakuruhusu hata kunong'ona katika wodi ile, naye akapiga.

Skolastika alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alijisikia mrefu. Alijisikia kama siku ile ya Mbinga, mtambo wa kwanza ulipotoa hewa na wao watatu wakaivuta kwa zamu kama watoto wanaogombea muwa.

Simu ikalia.

*

Aliyepiga alikuwa Asteria Hyera. Asteria alikuja karakana ya Skolastika akiwa na miaka ishirini, akakaa naye miaka minane, na sasa, akiwa na thelathini na nne, alitunza mitambo ya hospitali ndogo ya Lupyana, juu kabisa katika milima ya Makete. Thabiti ilikuwa imemkatalia mara mbili.

Hakuamkia. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuanza maneno bila shikamoo.

"Mama, umesaini kitu?"

"Nimesaini. Kwani huko kimefika?"

"Mtambo wangu umezima." Alikuwa akihema kama mtu aliyepanda ngazi na mzigo. "Umezima wenyewe dakika thelathini na nane zilizopita. Nina mzee mmoja wa nimonia, Mwalimu Sanga, nimemhamishia kwenye mtungi wa mwisho. Nimeusoma msimbo wako, mama. Ile namba ya mgandamizo umeifunga, moja kwa mitambo yote."

Skolastika alielewa kabla sentensi haijaisha. Akasimama, ndoo ikaanguka.

Mistari yake iliiambia kompresa isukume hewa hadi ifikie kiwango fulani ndipo vali zigeuke. Kwa Songea kiwango kile kilifikiwa kirahisi. Lakini Lupyana iko juu mno, hewa yake ni nyembamba. Kompresa ilisukuma, ikasukuma, haikufika, mpaka ikapata moto na kujizima. Mtu anayejifunza mwaka wa kwanza katika karakana yake hufundishwa jambo hilo. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akilifundisha.

"Nimeandika badala yake," Asteria alisema. "Nimeweka uwiano na hewa ya mahali mtambo ulipo. Itafaa chini, itafaa juu. Nimeijaribu kwenye mtambo chakavu wa stoo usiolisha mgonjwa, inakwenda. Lakini kiganja changu hakikubaliki. Nakutumia. Saini."

"Ngoja niisome kwanza."

"Soma haraka, mama."

Akasoma. Ilikuwa mistari tisa tu, mizuri, haina kitu cha kuongeza wala kupunguza. Akabonyeza ufunguo kwa mara ya pili. Wakangoja kila mmoja na simu yake sikioni, mpaka Skolastika akasikia, kwa mbali, kompresa ya Lupyana ikiamka.

"Mzee?" akauliza.

"Anapumua. Anauliza kama chai imepoa." Asteria akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye angeweza pia kulia. "Mtungi ulibakiza kama dakika sita."

Halafu akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Skolastika akajibu.

*

Siku hiyohiyo alikwenda kituo cha polisi na kujiripoti kuwa amevunja Sheria ya Mkono. Askari wa zamu, ambaye mdogo wake alizaliwa njiti, alimpa kiti na soda. Kufikia Jumapili habari ilikuwa imeenea hadi Lilongwe na Gulu: mama wa Songea aliyeokoa watoto watatu kwa mistari kumi na mmoja. Mafundi waliokataliwa na Thabiti, na walikuwa maelfu, walianza kuandika jina lake kwenye milango ya karakana zao. Watu walimsimamisha sokoni kumpa mkono wasiuachie.

Habari ya Lupyana haikuenea. Haikufichwa, kumbukumbu za mitambo yote zilikuwa wazi kama msimbo wenyewe. Ila hakuna aliyezisoma. Watu walisoma habari iliyowafurahisha.

Baada ya wiki tatu akaitwa Dodoma, mbele ya Tume ya Mitambo ya Uhai. Kamishna wake, Zubeda Shemdoe, alikuwa mwanamke wa maneno machache aliyepata kuwa mhandisi wa madaraja. Alimkaribisha Skolastika ofisini mwake kabla ya kikao, akamvutia kiti yeye mwenyewe.

"Mama Ndunguru, nitasema wazi. Hutashtakiwa. Nchi zote nne zimekubaliana kwamba ithibati iondoke kwa Thabiti. Siku kumi na tisa watoto walihema hewa pungufu na hakuna aliyeruhusiwa kujua nani alipewa ithibati ile na kwa nini. Imetosha."

"Nashukuru, Mheshimiwa."

"Sasa lazima ikae mahali. Na kuna jina moja tu ambalo nchi zote nne zimelitaja." Alimsogezea karatasi. "Tunataka ithibati iwe mikononi mwako. Wewe utaandika mtihani, wewe utasaini vyeti, ufunguo wako utatambuliwa kisheria. Watu wanakuamini. Hata mimi nakuamini."

Skolastika aliitazama ile karatasi. Ilikuwa na nafasi ya saini chini, na jina lake limekwisha kupigwa chapa. Mwanamke aliyeishia kidato cha nne, aliyepewa neno moja la Hapana na watu asiowajua! Asingekuwa binadamu kama asingeona raha.

"Naomba nisaini baada ya kikao," alisema.

Asteria alikuwa akimsubiri kwenye kantini, amemwagizia chapati na maharage. Alikuwa ameshuka kutoka Makete kwa basi la siku mbili ili awepo. Skolastika akampa karatasi aisome, akatafuna chapati yake akimtazama, akingoja uso ule ufurahi.

Uso haukufurahi.

"Ni heshima kubwa, mama," Asteria alisema. "Hakuna anayeistahili kuliko wewe."

"Basi mbona umenuna?"

Asteria akaikunja karatasi, akairudisha taratibu. "Sisi wote utatupima wewe. Sawa. Na wewe nani atakupima?"

"Mimi?" Skolastika akaweka chapati chini. "Asteria, programu hii nimeianza mimi."

"Ndiyo, mama. Na siku ile ya Lupyana?"

Karibu nao wahudumu walikuwa wakigonganisha sahani.

"Sitasema kitu," Asteria akaendelea. "Nimekuja kukaa nyuma yako, na nyuma yako nitakaa. Wakijua, Thabiti watasema mafundi wa vichochoroni karibu wamuue mzee, na watarudi. Nalijua hilo. Mimi nimekuuliza tu."

Skolastika alimkasirikia. Alimkasirikia njia nzima kutoka kantini hadi ukumbini, hasira ya mtu aliyebanwa pasipo na pa kutokea. Akiwaambia kweli, angewapa Thabiti rungu la kumpigia. Akinyamaza, ithibati ingekuwa ya mafundi, na yeye angekuwa mlango mmoja uliochukua nafasi ya mlango mwingine. Mlango mzuri zaidi, alijiambia. Mlango wenye huruma. Lakini alikumbuka pia zile dakika sita za mtungi.

*

Ukumbi ulijaa. Mafundi walikuja na aproni zao. Mwakilishi wa Thabiti, Bwana Leopold Rweikiza, alikaa meza ya mbele na sanduku la nyaraka, mtu mtulivu mwenye miwani, aliyekuwa amekwisha kujiandaa kushindwa kwa adabu.

Kamishna akamwomba Skolastika aeleze tukio. Akaeleza kuhusu mvua, vali, watoto watatu. Watu wakapiga makofi. Akanyanyua mkono wakome.

"Sijamaliza," alisema. "Mistari ile kumi na mmoja ilikuwa na kosa."

Akaeleza Lupyana. Alieleza yote, na mtungi, na dakika sita, na jina la Mwalimu Sanga. Aliposema kwamba kosa lenyewe ni la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mtu mmoja nyuma akaguna kwa maumivu. Asteria aliinamisha kichwa.

Bwana Rweikiza akasimama. Hakucheka, na Skolastika alimheshimu kwa hilo.

"Mheshimiwa Kamishna, shahidi amejibu kwa niaba yetu. Ndiyo maana kuna ithibati. Mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, ametuma kosa kwenye hospitali mia nne na kumi kwa kubonyeza kifungo."

"Anasema kweli," Skolastika akasema.

Kamishna Shemdoe akamtazama juu ya miwani. "Mama Ndunguru, unaelewa unachofanya?"

"Naelewa, Mheshimiwa. Mimi nilikosea na wao walikosea. La kwao lilikaa siku kumi na tisa, la kwangu halikufika saa moja. Wenzangu wanadhani ni kwa sababu mimi ni hodari. Hapana. Msimbo ulikuwa wazi, na kule Lupyana alikuwepo mtu anayeweza kuusoma na asiyeogopa kunipigia simu. Huyo Thabiti walimkatalia mara mbili, hadi leo hajui kwa nini. Kama ni kuokoa watu, siku ile ameokoa yeye."

"Basi nimpe nani ithibati? Yeye?"

"Hata yeye peke yake usimpe." Skolastika alisikia sauti yake ikipata nguvu. "Wape wanaoiandika Pumzi na wanaoitumia, wakae pamoja. Mafundi wawili wa nchi mbili tofauti, na muuguzi mmoja, maana ndiye anayemshika mgonjwa. Mtihani ufanyike mlango wazi, anayetaka kusikiliza aingie. Anayekataliwa aambiwe sababu kwa maandishi, na mtu mwenye jina. Na asiwepo wa kusamehewa mtihani."

"Mafundi watapendeleana," Bwana Rweikiza alisema. "Samahani, mama, lakini watu wa kazi moja hupitishana. Mwanafunzi wako atakaa kwenye kiti cha mtahini na atakuitikia kwa shikamoo. Unategemea akukatalie?"

Lilikuwa swali la haki, na ukumbi ulijua. Skolastika akatoa kipande cha chuma mfukoni, akakiweka mezani mbele ya Kamishna.

"Niwe wa kwanza kupimwa," alisema. "Na huu utobolewe hapahapa, ili nisije nikarudi nyumbani nikabadili mawazo."

Tume ilikaa faragha hadi alasiri. Iliporudi, Kamishna alisoma uamuzi akiwa amesimama. Baraza la mafundi na wauguzi lingepewa mwaka mmoja wa majaribio. Ikionekana linapendeleana, Thabiti ingerudi. Kisha akaita fundi kutoka miongoni mwa watazamaji, fundi mwenye keekee ya mkononi, na Ufunguo wa Asili ukatobolewa matundu manne juu ya meza ya serikali, vumbi la chuma likimwagikia nyaraka. Skolastika alisimama wima mpaka tundu la mwisho. Alidhani angelia. Badala yake alijikuta akiisahihisha kimoyomoyo namna yule fundi alivyoshika keekee.

*

Mtihani wa kwanza wa Baraza ulifanyika Songea mwezi wa Juni, katika bwalo la chuo cha ufundi, saa tatu asubuhi. Watahini walipatikana kwa kura: Bwana Chimwemwe Gondwe, fundi wa Lilongwe, Sista Atim Lakwo, muuguzi wa Gulu, na Asteria Hyera. Kura ilipomwangukia Asteria, watu walitaka irudiwe. Asteria alisema kanuni haina mahali pa kurudia. Bwana Rweikiza alikuja pia, akakaa mstari wa pili na daftari.

Asteria alivaa gauni la bluu lililopigwa pasi. Alisimama Skolastika alipoingia, akasema, "Shikamoo, mama," mbele ya watu wote, kisha akakaa na kufungua karatasi zake.

Bwana Gondwe aliuliza kuhusu vali na unyevu; Skolastika alijibu kwa raha, akachora ubaoni, watu wakacheka alipoiga mlio wa vali mbovu. Sista Atim aliuliza afanyeje muuguzi anayesikia mtambo ukibadili sauti. Akajibu vizuri hata Sista akaandika maneno yake. Zamu ikawa ya Asteria.

"Mama, mtambo mmoja unalisha sehemu mbili, chumba cha upasuaji na wodi ya watoto njiti. Kompresa inachoka, hewa inatosha sehemu moja tu. Pumzi inaipeleka wapi?"

"Chumba cha upasuaji," Skolastika alijibu papo hapo.

"Nani aliamua?"

"Mimi. Nililiandika siku za Mbinga."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wakati ule..." Akasimama. "Wakati ule hospitali hazikuwa na wodi ya njiti. Kulikuwa na upasuaji na wodi za kawaida."

"Sasa wodi za njiti ziko hospitali ngapi zenye Pumzi?"

"Karibu zote."

"Mstari ule umewahi kurudi kuuangalia?"

Skolastika aliutafuta mstari ule kichwani, akauona mahali ulipo, kati ya mistari mingine elfu arobaini, ukiwa umekaa miaka thelathini na miwili, ukichagua kimya kimya nani apewe hewa. Na yeye alikuwa amepita juu yake mara ngapi?

"Hapana," alisema. "Sikuwahi."

"Umewahi kumuuliza mtu yeyote kama uchaguzi huo ni sahihi? Daktari, muuguzi, mzazi?"

"Sikumuuliza mtu."

Asteria aliyaandika majibu yote mawili. Watahini walikwenda chumba cha pembeni, wakarudi upesi. Bwana Gondwe alisema amekubali. Sista Atim alisema amekubali. Asteria akasimama, macho yamelowa, akasoma kutoka kwenye karatasi ili sauti isimwangushe.

"Mimi Asteria Hyera, fundi wa Lupyana, ninasema bado. Mwombaji anaujua mtambo kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Lakini ameacha uamuzi wa uhai wa watu ndani ya programu bila kuuliza wanaohusika, na hakuwa na mpango wa kuuliza. Arudi baada ya miezi mitatu akiwa ameuliza."

Kanuni ilitaka wote watatu wakubali. Mtu akapaza sauti kuwa ni aibu, mwingine akamnyamazisha. Bwana Rweikiza aliandika mstari mmoja, akalifunga daftari lake, akamwinamia Skolastika kichwa na kuondoka.

Skolastika alipokea karatasi ya sababu kwa mikono miwili. Ilikuwa na mistari sita, na jina la aliyeiandika chini. Akaisoma yote akiwa amesimama, akauliza tarehe ya kurudia, akatia saini ya kupokea.

*

Dada yake, Gaudensia, alikuwa uani akichambua mchele. Alikuwa mjane wa miaka sabini aliyeishi naye tangu karakana ya Mbinga ilipofungwa, na kompyuta hakuwahi kuigusa ila kuifuta vumbi.

"Umefaulu?"

"Sijafaulu, dada."

Gaudensia akaweka ungo chini. "Sijasikia vizuri. Wewe? Katika kitu chako mwenyewe? Nani amethubutu?"

"Ngoja nikwambie swali aliloniuliza." Skolastika akavuta kigoda, bado amevaa viatu vya kutokea, akaanza kulieleza kwa mikono yote miwili: huku chumba cha upasuaji, huku watoto, hewa inakuja hivi, haitoshi. Alilieleza kwa uchangamfu wa mtu anayesimulia goli. Alipofika kwenye ule mstari wa zamani alijipiga paji la uso. "Miaka thelathini na miwili, dada! Watu elfu ngapi wamesoma msimbo ule, madaktari, maprofesa, hata hao Thabiti. Hakuna aliyeliona kosa hilo. Hata mimi."

"Na wewe unafurahia umekataliwa."

"Swali lile zuri, dada. Zuri mno. Laiti ungekuwepo."

Gaudensia akatikisa kichwa, akaurudia ungo wake. "Haya. Na huyo mwenye swali ni mtu wa wapi? Amesomea wapi?"

Skolastika alikuwa ameinama akifungua kamba za viatu. Aliposikia hivyo akainuka, akanyoosha mgongo.

"Kwangu," alisema. "Nimemfundisha mimi."